Risasi, Kiasi na Ganda: Shaba na Silaha Katika Nchi ya Meru

Neno risasi katika Kiswahili ni jina la vitu viwili. Kwanza ni jina la madini laini, mazito, yenye rangi ya kijivu, ambayo Waarabu huyaita rasasi, nasi tumeyapokea kwao pamoja na jina lake. Pili ni jina la kile kitokacho katika mtutu wa bunduki. Asikiaye habari ya mtu aliyepigwa risasi hafikiri juu ya madini, wala mvuvi afungaye risasi katika mshipi wake hafikiri juu ya vita. Hata hivyo, neno hili moja limehifadhi kumbukumbu ya zama ambapo kitu na madini yake vilikuwa jambo moja, kwa kuwa kilichotoka mtutuni kilikuwa risasi tupu, ndani na nje. Zama hizo zimekwisha pita. Risasi ya bunduki ya leo, ukiitazama, ni shaba. Madini yenyewe yamefichwa ndani yake.

Nia ya makala hii ni kueleza, kwa mfano wa Arusha na nchi za Mlima Meru, jinsi shaba ilivyoingia katika jambo hili, na kuonyesha kwamba shaba, kuliko bunduki yenyewe, ndiyo iliyoamua mambo katika mlima ule tangu mwaka wa 1896. Wengi walioandika juu ya vita vya siku zile wamehesabu bunduki. Mimi naona yafaa kuhesabu maganda.

Yatupasa tuanze na majina. Bunduki imeitwa kwa jina la kile inachokitupa. Bunduq katika Kiarabu ni tunda dogo la mviringo lenye ganda gumu. Kisha jina likahamia kwenye kitufe cha udongo au cha risasi kilichotupwa kwa upinde. Kisha likahamia tena kwenye chombo cha moto. Baruti asili yake ilikuwa jina la shura peke yake, kabla ya kuwa jina la unga wote uliochanganywa kwa shura, kiberiti na makaa. Fataki imetoka Bara Hindi. Mzinga, kinyume cha hayo, ni neno letu wenyewe: ni gogo lililotobolewa ili nyuki wakae ndani, na mtu wa kwanza wa pwani aliyeona mzinga wa vita hakuona haja ya kuazima neno kwa Mreno wala kwa Mwarabu. Tena watu wa pwani walikuwa na majina ya kupambanua aina za silaha: gumegume ya kuwashwa kwa jiwe, gobori na korofindo za kushindiliwa kwa mdeki, na marisaa, yaani chembe ndogo ndogo za kupigia ndege. Huu si msamiati wa watu walioogopa kitu wasichokijua. Ni msamiati wa watu waliokifungua, wakakisafisha, na kukitengeneza kilipoharibika.

Neno lenye habari kubwa kuliko yote ni kiasi. Maana yake ya kwanza twaijua sote: ni kipimo, kadiri. Mwenye gobori alipima baruti yake kabla ya kuimimina, na kipimo hicho cha kutosha mara moja kiliitwa kiasi. Baadaye zilipokuja bunduki za kufunguliwa nyuma, ambazo baruti, fataki na risasi zao zilikuwa zimefungwa pamoja tangu kiwandani ndani ya kikombe cha shaba, kitu hicho kizima kiliitwa kiasi cha bunduki, na ndivyo kamusi za zamani zilivyokiandika. Tazama jinsi neno lilivyogeuka. Kiasi cha kwanza kilikuwa tendo la mpigaji mwenyewe: yeye ndiye aliyepima, naye akikosea alilipa kwa jicho au kwa vidole. Kiasi cha pili kilikuwa kimepimwa na mtu mwingine, mbali, katika nchi ambayo mpigaji hataiona kamwe. Siku hizi neno kiasi limeachwa kabisa katika maana hii, na kitu hicho kizima nacho huitwa risasi. Ndiyo sababu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya Tanzania, ya mwaka 2015, ikitaja risasi, haikusudii madini wala kile kipande cha mbele peke yake, bali kitu chote pamoja na ganda na baruti yake. Hivyo neno moja limebeba mizigo mitatu, na mhariri wa kamusi ana haki ya kulalamika.

Katika zama za kiasi cha kwanza kazi ya kufanya risasi ilikuwa kazi ya nyumbani. Madini ya risasi huyeyuka kwa moto wa nyuzi 327 tu za sentigredi, yaani moto wa kawaida wa jikoni ukichochewa vizuri huyeyusha. Mvuvi wa pwani alihitaji chubwi ya kuzamisha mshipi wake, nahodha alihitaji bildi ya kupimia kina cha maji, na vyote viwili vilikuwa vya risasi. Mwenye kalibu ya chubwi hakuwa mbali na kalibu ya risasi ya bunduki. Kalibu ni neno la Kiarabu, kusubu ni kumimina madini ndani yake, na mwenye kujua kusubu hakumhitaji Mzungu yeyote. Hata aliyekosa risasi kabisa hakukosa la kufanya: gobori haichagui, na vipande vya chuma, au mawe madogo, vilishindiliwa ndani yake pia, ingawa mtutu uliharibika upesi kwa kazi ya namna hiyo.

Sasa tupande bara. Nchi ya Meru ilikuwa na watu wa namna mbili. Upande wa mashariki na kusini-mashariki wa mlima walikaa Wameru, ambao hujiita Varwa, na lugha yao ni jamaa ya lugha za Wachaga. Upande wa kusini-magharibi walikaa Waarusha, waliopanda kutoka Arusha Chini yapata miaka ya 1830, nao husema Kimaasai na kulima migomba. Misafara ya watu wa Pangani ilipita kandokando ya nchi hii ikielekea Umaasaini kutafuta pembe, na mmoja wa viongozi wake mashuhuri, Jumbe Kimemeta wa Pangani, alimwongoza Joseph Thomson mwaka 1883 na kisha Count Teleki mwaka 1887. Mizigo ya misafara ilikuwa nguo, ushanga, na waya: masango ya shaba, na seng'enge ya chuma.

Waya hii yahitaji kutazamwa kwa makini. Wahunzi wa Umaasaini, wale Il-kunono ambao Wamaasai huwadharau na kuwaogopa kwa pamoja, na wahunzi wa Uchagani, hasa wa Mamba, walikuwa wakifua mikuki kwa chuma kilichopatikana kwa shida. Seng'enge ya pwani ilipozidi kuja, fundi alikata vipande, akaviunganisha kwa moto na nyundo juu ya fuawe, na mikuki ikaanza kuwa mirefu. Ule mkuki wa bapa refu ambao wageni wengi wameudhania kuwa ni wa tangu na tangu kwa kweli umefanywa kwa sehemu kubwa kutokana na waya iliyovutwa katika viwanda vya Ulaya. Basi fundi wa mlimani alikuwa na desturi iliyo wazi: kitu cha kigeni alikiangalia kama madini, hakujali kilifanywa kwa kusudi gani. Waya ya biashara ilikuwa mkuki usiofuliwa bado. Desturi hiyo tutaiona tena.

Bunduki nazo zilikuja. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, aliiandikia serikali yake kwamba silaha za moto baina ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia kila mwaka kwa njia ya Unguja. Hesabu hiyo imenakiliwa na wanahistoria wengi, nayo ni kubwa kweli. Lakini sehemu kubwa ya silaha zenyewe zilikuwa zile zilizoachwa na majeshi ya Ulaya kwa uchakavu, za kushindiliwa mdomoni. Ndipo mataifa yakakutana Brussels, na tarehe 2 Julai 1890 yakatia sahihi mkataba wa kuzuia silaha katika Afrika, kati ya digrii ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Wengi hutaja mkataba huu kwa ajili ya biashara ya watumwa, nao kweli ulihusu hayo, lakini kipengele chake cha silaha ndicho kinachotupasa sisi. Bunduki za mistari ndani ya mtutu, zenye kushindiliwa nyuma, zilikatazwa, pamoja na viasi vyake. Gumegume na baruti ya kawaida ziliweza kuruhusiwa kwa masharti. Walioandika mkataba ule waliijua tofauti kati ya kiasi cha kwanza na kiasi cha pili vizuri kuliko wengi waliokuja kuandika historia yake.

Na tofauti yenyewe ni hii. Risasi fundi angeweza kuisubu. Baruti, ingawa mbaya, iliweza kupatikana. Lakini kile kikombe cha shaba, kilichovutwa kwa mashine kutoka kibati kimoja bila kiungo, na ile fataki iliyo kitakoni mwake, hakuna mhunzi wa mlimani aliyeweza kuvifanya. Kwa hiyo bunduki mpya iliyotekwa vitani haikuwa na umri mrefu kuliko idadi ya viasi vilivyotekwa pamoja nayo. Mwezi wa Juni 1892 watu wa Mangi Meli wa Moshi waliwashinda askari wa Kidachi, na kiongozi wao, von Bülow, akafa. Ulikuwa ushindi mkubwa, wala haupasi kupunguzwa. Lakini mwezi wa Agosti 1893 Wadachi walirudi na jeshi, na safari hii Meli alisalimu amri. Kati ya siku hizo mbili hapakuwa na kiwanda upande wa Meli, na upande wa Wadachi kilikuwapo. Sababu nyingine zilikuwapo pia, hasa fitina kati ya watawala wa Kilimanjaro wenyewe. Hata hivyo sijui kwa nini hii ya viasi hutajwa kwa nadra hivyo.

Vita vya Meru vilifuata. Mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliofika Akeri ili kuanzisha misheni, waliuawa usiku na askari vijana wa Waarusha na Wameru. Kapteni Johannes, aliyekuwa karibu, alirudi Moshi akakusanya watu wake, akaushambulia mlima kwa askari wenye bunduki na maelfu ya Wachaga wenye mikuki. Nyumba zilichomwa, ng'ombe walichukuliwa. Askari wale walikuwa na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, yenye tundu la milimeta 11, ambayo hupigwa mara moja kisha hujazwa tena. Kwa Ulaya ya 1896 hiyo ilikuwa silaha ya kizamani. Risasi yake ilikuwa risasi tupu, na vazi lake lilikuwa karatasi: kipande cha karatasi kilichozungushwa ili madini laini yasisugue mtutu. Ilitupwa kwa mwendo wa mita kama 430 kwa sekunde, na moshi wake ulikuwa mwingi.

Lakini gobori huhitaji baruti, kitambaa, risasi, mdeki na fataki kabla haijanena mara ya pili, na katika muda huo kijana mwenye mkuki huweza kukimbia mbali. Ile ya 1871 huhitaji kiasi kimoja na mkono mmoja. Vijana wa Kiarusha walioijua bunduki ya misafara waliijua kama silaha inayonyamaza kwa muda baada ya kunena, na mimi naona kwamba ushujaa wao wa kuingia ndani ya moto ule ulijengwa juu ya hesabu iliyokuwa sahihi miaka kumi kabla. Tarehe 2 Machi 1900 Meli wa Moshi na Molelia wa Kibosho walinyongwa huko Moshi pamoja na viongozi wa Waarusha na Wameru. Katika wakati huohuo ngome ya Arusha ilikuwa ikijengwa kwa kazi ya shuruti; nayo ingali imesimama mjini, ikiwa sasa ni makumbusho ya elimu viumbe.

Wakati huo Ulaya walikuwa wamekwisha kuivika risasi shaba. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, na bunduki ya Lebel ya 1886 ilikuwa ya kwanza kuitumia katika jeshi. Baruti hii ilisukuma risasi kwa mwendo wa mita 600 na zaidi kwa sekunde, na kwa mwendo huo madini laini hayakustahimili: yaliacha utando ndani ya mistari ya mtutu, na baada ya mapigo machache bunduki haikulenga tena. Mswisi Eduard Rubin alikuwa amekwisha ona dawa yake yapata 1882: risasi ivikwe kifuniko chembamba cha shaba, au cha madini mengine magumu kuliko risasi. Hapo ndipo neno letu lilipoachwa nyuma na kitu chake. Kalibu ya mvuvi haikufaa tena. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327, shaba nyekundu kwa nyuzi 1,085. Lakini hata hilo si shida kubwa, kwa kuwa mhunzi mwenye mivukuto mizuri huufikia moto huo. Shida ni kwamba kifuniko hakisubiwi. Huvutwa na kukandamizwa kutoka bati la shaba, kwa vyombo vya chuma kigumu vyenye vipimo visivyopotoka hata kwa sehemu ya mia ya milimeta. Kazi iliyokuwa ya jikoni ikawa ya kiwandani.

Nchi ya Meru iliijua risasi ya namna hii kwa mikono ya walowezi. Makaburu walianza kufika kutoka Afrika ya Kusini yapata 1904 na 1905, baada ya vita vyao na Waingereza. Wakafuatwa na Wadachi waliotoka Urusi. Na mwaka 1907 akina Trappe walikaa Momella, ambapo Margarete Trappe alipata sifa ya uwindaji. Wote hao walikuwa watu wa bunduki. Mwafrika alizijua silaha hizo akiwa mpagazi wao na mfuatiliaji wa nyayo, akabeba viasi asivyoruhusiwa kuvipiga. Ganda lililorushwa na bunduki likaanguka majanini lilikuwa mali ya aliyeliokota.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta jambo ambalo laiti wahunzi wa Mamba wangeliona, wangelicheka. Wadachi wenyewe, wenye viwanda, walijikuta katika hali ya Meli. Manowari za Waingereza zilifunga bahari. Mwanzoni walikuwa na bahati: walishinda Longido, kaskazini ya Meru, tarehe 3 Novemba 1914, na siku zilezile walishinda Tanga, wakateka humo risasi zipatazo 600,000. Lakini sehemu kubwa ya askari wao walikuwa bado na bunduki ile ya 1871, ambayo moshi wake ulimwonyesha adui mahali pa mpigaji. Mwezi wa Aprili 1915 meli ya Rubens ilifika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikifukuzwa na manowari ya Hyacinth. Mabaharia waliizamisha katika maji machache ili mizigo iokolewe. Viasi vilipotolewa vilikuwa vimelowa maji ya chumvi. Basi ikawapasa mafundi kuvifungua kimoja kimoja, kukausha baruti, kubadili fataki zilizoharibika, na kuvifunga upya. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu, na hata ilipokwisha viasi vingi vilikataa kulia. Von Lettow-Vorbeck ameieleza katika kitabu chake cha vita kama jambo la uhodari wa watu wake, na kwa kweli ulikuwa uhodari. Lakini mtu akikumbuka miaka ya 1892 na 1896 husoma kurasa zile kwa jicho jingine: ndiyo mara ya kwanza katika nchi hii Mzungu kuhesabu fataki kama alivyozihesabu Mwafrika.

Mwezi wa Machi 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer yaliingia Arusha, na mapema Aprili yakauteka mlima wa Lolkisale, kusini ya mji, pamoja na walinzi wake. Wadachi walikuwa wamekwisha poteza kaskazini. Bara, huko Tabora, katika karakana ya reli, walifanya katika mwaka uleule jambo linaloihusu moja kwa moja habari yetu ya ganda. Fedha ya sarafu ilikuwa imekwisha. Askari na wapagazi hawakuipenda ile ya karatasi, na wana haki. Basi shaba ya maganda ya mizinga na ya risasi yaliyokwisha pigwa iliyeyushwa ikapigwa chapa ya heleri 5 na heleri 20, yenye taji, mwaka 1916, na herufi T ya Tabora. Pamoja nazo walipiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15, ambayo ndiyo wakusanyaji huitafuta leo. Mimi naipenda zaidi ile ya heleri. Ni ganda lililokwisha ua, likapewa kazi ya kulipia unga. Tabora ilitekwa na Wabelgiji tarehe 19 Septemba mwaka huo, na kiwanda kikafa.

Desturi ya fundi wa mlimani, ya kutazama kitu kama madini, ilikuwa hivyo imetumiwa na dola. Nao wafugaji hawakuiacha. Katika nchi za kaskazini, kama kwa Waturkana, ganda la risasi limekuwa tabakero ya ugoro, kwa kuwa lina mdomo mmoja na kitako kilichofungwa, na ukingo wa kufungia ukanda. Limekuwa pia pambo, likishindana na masango ya zamani. Hapa hakuna jambo la kustaajabisha. Shaba ni shaba, na mwenye kuipata bure huitumia.

Kuna aina moja ya ganda ambayo habari yake inastahili kuelezwa peke yake, kwa kuwa yaunganisha ncha mbili za mazungumzo haya. Bunduki ndogo iitwayo ya ishirini na mbili, kwa kuwa tundu lake ni kama sehemu 22 za mia za inchi, ilikuwa ya kawaida katika mashamba ya walowezi kwa kupigia kanga na sungura. Asili yake ni kazi ya Mfaransa Flobert, mwaka 1845. Waamerika Smith na Wesson waliitolea kiasi chao mwaka 1857. Na kile kinachotumiwa zaidi hata leo kilitolewa 1887. Fataki ya kiasi hiki haiko katikati ya kitako bali imeenezwa ndani ya ukingo wake, na nyundo ya bunduki hupiga ukingo. Kwa hiyo ganda likisha pigwa halijaziki tena kwa urahisi: ukingo umebonyea, na dawa yake imekwisha. Katika maganda yote hili ndilo takataka kamili.

Lakini wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani ilipokosa shaba kwa matumizi ya raia, wawindaji wa huko waliliokota ganda hili na kuona kwamba upana wake wakaribiana na wa risasi ndogo ziendazo kwa kasi. Wakaunyoosha ukingo, wakalikandamiza ndani ya kalibu za chuma, wakaweka madini ndani yake, na ganda la risasi moja likawa vazi la risasi nyingine. Fred Huntington wa Oroville, California, alianza mwaka 1943 kuuza vyombo vya kazi hiyo, na herufi za kampuni yake, RCBS, zina jina la vyombo hivyo ndani yake. Vernon Speer na Joyce Hornady nao walianza kwa maganda ya namna hiyo kabla ya kuwa na viwanda vikubwa. Hivyo mtu wa Marekani katika banda lake alifanya lile ambalo fundi wa Mamba alilifanya kwa seng'enge. Tofauti haikuwa katika akili wala katika mkono. Mmoja alikuwa na mashine ya kukandamiza, chuma kigumu, na serikali iliyomwacha afanye; wa pili alikuwa chini ya sheria iliyomruhusu gobori kwa leseni na kumnyima bunduki ya kiasi isipokuwa kwa nadra. Utawala wa Waingereza katika Tanganyika uliendeleza, pasipo kulitaja, wazo la Brussels: silaha ambayo mwenyewe huweza kuilisha haiogopeshi sana, kwa kuwa ni dhaifu, ile yenye nguvu hula chakula cha kiwandani, na mlango wa kiwanda hulindwa. Nao Wameru walipofukuzwa Ngare Nanyuki mwezi wa Novemba 1951, wapate nafasi wafugaji wa Kizungu, hawakutafuta gobori. Walimpeleka Kirilo Japhet mbele ya Umoja wa Mataifa, mwaka 1952.

Limebaki swali la lugha, ambalo kwa wasomaji wa jarida hili pengine ni zito kuliko mengine. Lile vazi la shaba la risasi tuliite nini? Magazeti na mafundi husema kichwa cha risasi wakikusudia kile kipande cha mbele kizima, na ganda la risasi wakikusudia kikombe kinachobaki. Vazi lenyewe halina jina lililokubaliwa. Wako wanaosema koti, na sioni ubaya wa neno hilo katika mazungumzo, isipokuwa kwamba koti huvuliwa. Ala haifai: ala ni ya upanga, na upanga hutoka ndani yake, kwa hiyo ala ingefaa zaidi kwa lile ganda, ambalo risasi hulitoka na kuliacha. Koa, ile pete ya madini ivaliwayo kwenye mpini wa kisu au mkononi, inakaribia zaidi, kwa kuwa ni ya shaba na imebanwa. Lakini koa huzunguka tu, haifuniki ncha. Mimi nachagua gamba. Gamba la samaki limeshikamana na mwili wake, hukua nao na kwenda nao, wala samaki hatoki ndani ya gamba lake na kuliacha nyuma. Tena ganda na gamba ni maneno yanayofanana kwa sauti, na katika habari hii moja huweza kufanywa kutokana na jingine, kama tulivyoona. Ikiwa wenye kamusi watakubali, basi liandikwe: gamba la risasi, kifuniko chembamba cha shaba kilichoshikamana na risasi na kuruka pamoja nayo. Na chini ya kiasi, wasiliondoe lile la kale. Waandike tu kwamba ni la zamani.